Mrusi wa Kanyenye

Safari ndefu kuliko zote nilizowahi kusafiri ilikuwa ile ya treni kutoka Dar es Salaam kwenda Tabora, ingawa tangu hapo nimevuka mipaka na kulala katika miji ambayo mingine nimesahau hata majina yake. Labda ni kwa sababu nilikuwa mdogo, na mtoto hupima safari kwa kile anachokiacha. Baba alikuwa dereva wa malori, na nyumba yake ilikuwa njiani. Mama alikuwa amepata nafasi ya kusomea ukunga Songea, mahali ambapo mtoto hakuruhusiwa. Ikaamuliwa niende kwa shangazi yangu Mwasiti, dada wa baba, niliyekuwa namjua kwa picha tu.

Watu wa rika langu watakumbuka namna mtoto alivyosafirishwa zamani. Mama alinipandisha behewa la daraja la tatu, akaangaza macho huku na huku, akamchagua mtu.

"Kaka yangu, unashukia wapi?"

"Tabora, dada."

"Alhamdulillahi. Huyu naye Tabora, Kanyenye, kwa wifi yangu Mwasiti muuza chai. Ukiuliza utaonyeshwa."

Akanibusu, akashuka. Basi. Leo mzazi akifanya hivyo ataitwa polisi, lakini siku zile abiria wote waligeuka kuwa walezi. Yule mtu akanisogezea nafasi dirishani. Alikuwa mwembamba, na kwenye joto lile la Dar es Salaam, ambalo hata kuku wanaacha midomo wazi, alikuwa amepakata koti zito jeusi na kofia kubwa ya manyoya. Behewa zima lilikuwa limeshapata la kuongea.

"Kaka, Tabora siku hizi kunaanguka barafu?" aliuliza mama mmoja mwenye tenga la vyungu.

"Nimeshindwa kuuza nguo hizi Dar, mama yangu. Kila ninayemwonyesha anatokwa jasho."

Huyo ndiye Hamza. Alikuwa amekaa Urusi miaka mingi akisoma, na sasa anarudi kwao na sanduku la mbao, koti, kofia, na maneno. Treni ilipoanza kwenda akanipa nusu ya mkate wake, akasema, "Sasa wewe ni sputnik wangu."

Nilikasirika kidogo. Neno hilo nilikuwa nimelisikia shuleni katika somo la Kiingereza. Mwalimu alisema ni chombo kinachozunguka angani. Nikamwambia mimi si chombo. Hamza akacheka hadi kofia ikaanguka. Akanieleza kuwa kwa Warusi neno hilo lina njia ndani yake, njia ya kupita watu kwa miguu. Sputnik ni yule mnayekwenda naye njia moja. Warusi walipokirusha kile chombo waliona kama dunia imekuwa ikisafiri peke yake siku zote, wakaipa mwenzake. "Waingereza walipolichukua neno," alisema, "wakachukua chuma. Njia wakaiacha hukohuko."

Sikuelewa vizuri, lakini nilielewa kwa namna yangu. Safari nzima nilikuwa natazama juu kupitia dirishani, nikimtafuta mtu anayetembea huko mawinguni sambamba na sisi. Nilimtafuta Morogoro, nikamtafuta Dodoma. Saranda nilisahau kumtafuta kwa sababu ya kuku wa kukaanga walioletwa dirishani. Baada ya Itigi pori likatumeza, miti ya miombo mfululizo, vumbi jekundu likapenya hadi kwenye meno. Igalula wanawake walikuja na asali kwenye chupa za soda, wameziba kwa magunzi ya mahindi. Hamza alinunua moja, akaonja kwa kidole, akafumba macho. Treni ikaondoka. Kisha akasema taratibu, "Huko hakuna asali yenye moshi."

Harufu ya Tabora kwangu ni ya mkaa unaoanza kushika ndani ya shaba iliyosuguliwa kwa majivu na ndimu. Hadi leo nikipita mahali mtu anasugua vyombo vya shaba, miguu yangu inasimama yenyewe. Ndiyo harufu iliyotupokea mlangoni kwa Shangazi Mwasiti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona mwembamba hivi, mama yako alikuwa anakulisha upepo?" Akamtazama Hamza, kisha akatazama kofia. "Na wewe, huyo paka mkononi anakunywa chai?"

Shangazi alikuwa mjane, mwenye mwili na sauti. Baraza lake lilikuwa limejaa watu wanaokunywa chai ya tangawizi, na katikati ya baraza, juu ya meza yake peke yake kama bibi arusi, ilikaa samawari. Ilikuwa ndefu, ina kiuno, ina masikio mawili na koki mbele, na katikati yake dohani ya kutilia makaa. Hamza alisahau kujitambulisha. Alichuchumaa mbele ya ile samawari, akapitisha kidole kwenye herufi zilizogongwa ubavuni, herufi ambazo watu wote wa mtaa walidhani ni mapambo.

"Bi mkubwa, hii inatoka Urusi."

"Inatoka kwa marehemu mama yangu."

"Na mama aliipata wapi?"

"Kwa mama yake. Ilitoka pwani kichwani kwa mpagazi, wakati wa misafara ya pembe. Hayo ya Urusi mimi sina habari nayo. Kaa unywe chai, umenisafirishia mtoto."

Alikaa. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa. Alikuwa anasubiri kazi, na mtu anayesubiri kazi ana jioni nyingi. Alisema anakuja kunisaidia Kiingereza, na mimi niliamini hivyo kabisa. Niliamini kuwa mtu mzima mwenye elimu yote ile anavaa shati lililopigwa pasi na kujipaka mafuta mazuri kila jioni kwa ajili ya Kiingereza changu.

Alikuwa na kitabu cha jiografia kilichochakaa, na humo tulichambua maneno ambayo Waingereza waliyatoa Urusi. Steppe, ambalo mimi nilisoma "stepe", kumbe linaishia kwenye p kama limekatwa na panga. Ni mbuga isiyo na mti hata mmoja, mtu akisimama huko anaonekana tangu asubuhi. Taiga ni msitu usiokwisha. Nikauona moja kwa moja kuwa pori letu la miombo, nikaujaza mizinga ya nyuki na mbung'o, na nikawavika Warusi kaniki. Mammoth naye kumbe ametoka huko, tembo mwenye manyoya ambaye bado anachimbuliwa kwenye barafu. Kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa kuwa njia ya mbele ya soko ndiyo waliyopita wapagazi na pembe, kwa muda mrefu niliamini kuwa baadhi ya pembe zile zilikuwa na nywele.

Matamshi ndiyo yaliyotupa raha zaidi. Tundra, Hamza alisema, Mwingereza anaitamka "tandra", lakini Mrusi anaitamka tundra, vilevile kama Mswahili anavyoisoma. Nilifurahi kama nimepewa baiskeli. Basi Warusi wanasoma kama sisi! Lakini sputnik ilinishinda.

"Siputiniki," nilisema.

"Meza hizo i."

"Siputnik."

"Bado moja. Imeze kama klorokwini."

"Bwana Hamza, mtoto atakabwa!" Shangazi alipiga kelele kutoka kwenye karai la vitumbua, na wanywaji chai nao kila mmoja akaanza kumeza i zake, mzee wa kushona makobazi, vijana wa sokoni, hadi baraza zima likawa linatema mate. Toka siku hiyo watoto wa mtaa waliniita Siputiniki, na i zote wakazirudisha.

Babushka ilileta ubishi. Kwa Warusi ni bibi. Kwa Waingereza imekuwa kitambaa anachojifunga bibi huyo kichwani. Hamza alisema Mrusi anakazia mwanzo, BAbushka, Mwingereza anakazia katikati, baBUSHka, kama ambavyo sisi tunakazia maneno yetu.

"Basi Mwingereza amejifunza kwetu," alisema Shangazi.

"Na samawari je?" niliuliza.

Hamza akaweka kikombe chini. Mwingereza anaanza na nguvu, akasema, SAmovar, halafu anachoka. Mrusi anaweka nguvu mwisho, samoVAR. Na Bi Mwasiti anasema samaWAri. Nani yuko karibu na Mrusi?

Baraza likashangilia. Shangazi akajifunga kanga upya, akasema, "Mimi nilikuwa Mrusi siku zote, mlikuwa hamuulizi."

Ndipo Hamza akaendelea, na angenyamaza hapo mambo yangekwenda kwingine. Alisema neno lenyewe lina maneno mawili. Sam ni mwenyewe, var ni kuchemsha. Kinachojichemsha chenyewe.

"Kinajichemsha?" Shangazi aliacha vitumbua viungue. "Chenyewe? Mwambie huyo Mrusi wako aje hapa alfajiri. Makaa yanajitia? Maji yanajichota kisimani? Na mgongo huu unauma kwa ajili ya nini?"

Watu walicheka hadi machozi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiri. Shangazi alikuwa na maneno yake, lakini Hamza alikuwa amefika kule neno lilikotoka.

Wakati huo nilikuwa na hofu moja, nayo ilikuwa kubwa kuliko umri wangu. Hamza alikuwa ameitwa Mwanza kuhusu kazi. Kila jioni wanywaji chai walimuuliza, "Lini, bwana?" na yeye alijibu, "Karibuni tu," huku akitazama ndani ya kikombe. Nilikuwa nimezoea watu kuondoka. Baba aliondoka kila wiki, mama aliondoka, mimi mwenyewe niliondoka. Kwa mara ya kwanza nilitaka mtu mmoja abaki, na sikujua mtoto anaomba jambo kama hilo kwa nani. Nikaamua kuwa nitasoma vizuri sana. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia shuleni, na Mwalimu Pelagia, binti wa watu wa Ulyankulu aliyetufundisha Kiingereza, alikuwa amenichagua nisome mbele ya wageni kwa sababu habari ya kusoma ilikuwa na maneno magumu: babushka, mbuga ya steppe, na samovar. Nilidhani nikisoma vizuri kabisa Hamza ataona kazi yake haijaisha, atabaki anifundishe mengine.

Shangazi alikuwa amejitolea chai ya wageni. Asubuhi ya siku hiyo alitoka mapema kwenda kwa jirani mwenye majiko mengi kuchoma vitumbua. Akaniacha nikijifunza. Nikaitazama samawari imekaa pale imepoa, nikauhurumia mgongo wa Shangazi. Nilikuwa nimemwona akiiwasha kila siku. Nikatia makaa kwenye dohani, nikatia vijiti vyenye mafuta ya taa, nikapuliza, ikashika vizuri. Ya maji sikujali sana. Niliitikisa, nikasikia maji ya jana yanalia ndani, nikaona inatosha. Kingine chochote itajua yenyewe. Ndiyo maana ya jina lake. Nikaenda kukaa kizingitini na kitabu, nikasoma kwa sauti, mgongo nimeupa samawari.

Kwanza nilisikia harufu ambayo haikuwa ya chai. Kisha nikasikia ta, kitu kimeanguka. Nikageuka. Koki ilikuwa mezani, na pale ilipokuwa imeshikia, lehemu ilikuwa inadondoka, matone meupe mazuri yanayong'aa, yanagota mezani na kuviringika. Kwa kitambo kifupi, namkumbuka vizuri yule mtoto, nilidhani samawari inatoa fedha.

"Toka hapo!" Ilikuwa sauti ya Hamza. Alikuja kunisikiliza nikisoma mara ya mwisho. Alivua lile koti, alilokuwa amelivaa kwani asubuhi za kiangazi Tabora zina baridi na yeye peke yake mjini ndiye aliyekuwa amejiandaa, akaifunika samawari, akaikumbatia, akakimbia nayo uani, akaipindua makaa yote yakamwagika. Koti likatoa moshi. Wakati huo huo Shangazi akaingia na sinia la vitumbua kichwani.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alitua sinia, akaokota koki, akaigeuzageuza.

"Nani amewasha?"

"Mimi, shangazi."

"Maji ulitia?"

"Nilijua inajichemsha yenyewe. Mjomba Hamza alisema."

Nilingoja kofi. Shangazi akapita mbele yangu kama sipo, akasimama mbele ya Hamza aliyekuwa amejaa masizi hadi kwenye nyusi.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, Bi Mwasiti. Nitaipeleka kwa fundi sasa hivi, nita..."

"Sizungumzii samawari. Mtoto huyu mimi nimemwambia inauma mgongo, hakunisikia. Wewe umemwambia neno moja, amelishika. Anaamini kila kitu kinachotoka mdomoni mwako. Ulikuwa unalijua hilo?"

Hamza akanitazama.

"Mtu anayeaminiwa hivyo hakai barazani kwangu kama abiria. Kama wewe ni wa kupita, Bwana Hamza, pita leo, mtoto alie mara moja yaishe. Kama ni wa kukaa, sema."

"Nilikuwa nasubiri wakati mzuri."

"Unasubiri nini, theluji?"

Wasomaji wa kwetu wanajua kuwa kwa desturi mwanamume hutuma wazee, wazee hukaa mkekani, wakaongea kwa mafumbo kwanza kuhusu mvua na tumbaku, na msichana mwali hujibu kwa kunyamaza. Mjane ndiye anayetakiwa kusema kwa mdomo wake. Shangazi alikuwa mjane, naye aliuchukua mdomo wake mapema kidogo, uani, kwa mkono mmoja ameshika koki. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao na bado nilidhani wanaongea juu ya masomo yangu.

"Nakaa," alisema Hamza.

"Umesema nini?"

"Nimesema nakaa, Bi Mwasiti. Mwanza siendi."

Shangazi akachukua ncha ya kanga yake, akamfuta masizi kwenye paji la uso kama anayefuta meza. "Ukaseme kwa wazee sasa," alisema. "Mimi nimeshasikia."

Chai ya wageni siku ile ilipikwa kwenye sufuria kubwa ya kuazima, na hakuna aliyeilalamikia. Hamza alikaa safu ya mbele bila koti, Shangazi akakaa nyuma na akina mama. Nilisoma. Babushka nilimsoma kwa matamshi ya Mwalimu Pelagia, steppe nikaikata kwa panga, na nilipofika kwenye samovar nikaanza kwa nguvu kama Mwingereza na kuchoka mwishoni, kama inavyotakiwa.

"SamaWAri!" ilisikika sauti kutoka nyuma.

Mwalimu Pelagia akainuka taratibu. "Mama, hicho ni Kiingereza."

"Hiyo ninayo nyumbani, mwalimu. Hata koki imekatika asubuhi hii. Nitashindwaje kulijua jina lake?"

Ukumbi ukaanguka kicheko, mgeni rasmi akiwemo. Hamza aliinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nikarudia lile neno, na sijui ni nini kilinipata, nikalisema kama Shangazi. Mwalimu alinipunguzia alama, akasema wazi mbele ya watu, kisha akapiga makofi kuliko wote.

Wazee wa Hamza walikuja baada ya wiki. Waliongea juu ya mvua na tumbaku kwa urefu wote unaotakiwa, na mzee mmoja alipoulizia kwenye pazia kama mwanamke amekubali, sauti ilitoka ndani kabla hajamaliza kuuliza. Hamza alipata kazi ya kufundisha hisabati palepale mjini. Fundi bati wa Kanyenye alilehemu samawari ikabaki na kovu pembeni ya koki, na alfajiri nilikuwa nasikia watu wawili wakiitayarisha badala ya mmoja, mmoja anachota maji, mwingine anapuliza, wakibishana kwa sauti ya chini ni nani anayemwaga. Wateja wa kwanza walisalimia mlangoni, "Mwangaluka," na sauti mbili ziliitikia pamoja. Nililala usingizi mzuri miaka ile. Nimelala katika nyumba nyingi baadaye, zingine za fahari, lakini usingizi wa mtoto anayejua kuwa kesho watu watakuwa walewale, huo sijaupata tena kwingine.

Niliishi pale hadi nilipomaliza kidato cha nne. Damu ya baba ilikuwa imeshaanza kuniwasha miguu. Nilikuwa natembea hadi stesheni bila sababu, nikitazama mabehewa. Nilipopata nafasi kwenye kampuni iliyokuwa inachimba visima mkoa hadi mkoa, sikungoja kuulizwa. Shangazi alilia kidogo, akanifungia vitumbua vya kunifikisha hata nje ya nchi, na akabaki nyumbani kwa sababu mtoto wao wa pili alikuwa na homa. Hamza alinisindikiza peke yake.

Treni ilichelewa kama kawaida. Tuliongea mambo madogo: bei ya unga, mwalimu mpya wa kemia. Alininunulia karanga ambazo sikuzihitaji. Nilikuwa natazama saa ya stesheni, na nikagundua kuwa naye anaitazama, tena kuliko mimi. Mwishowe akashindwa kujizuia.

"Mwanangu, utaniwia radhi nisingoje treni iondoke? Mtoto anatakiwa dawa saa kumi, na mama yake akiwa peke yake anamwaga nusu."

"Nenda, Mjomba."

Akanishika bega, akalibana mara moja, akageuka. Nilimfuata kwa macho akipita katikati ya watu na mizigo yao, hakugeuka nyuma hata kidogo, anatembea haraka, karibu kukimbia, kama mtu anayechelewa kwake. Nikapanda behewa nikiwa nacheka peke yangu, na mama mmoja aliyekuwa amekaa dirishani akanisogezea nafasi.